Wali Usioongezwa Maji

Mpishi mwenyewe hakuwa mlaji wa wali. Nianze na hilo, kwa sababu kijiji chetu kizima cha Isansa kilimjua kwa wali wake, na kila ninapojaribu kumweleza kwa wanangu, hapa ndipo ninapochanganyikiwa, nao hunicheka. "Mama, yaani mpishi wa wali asiyekula wali, halafu wali wenyewe si wali?" Ndiyo, wanangu. Kaeni, nitaeleza polepole.

Alikuwa jirani yetu, nyumba ya pili ukivuka migomba. Tulimwita Mpishi, hata mkewe alimwita hivyo, kwa sababu alikuwa amempikia mlowezi mmoja wa kahawa kwa miaka mingi, na mlowezi yule alipohama yeye alirudi nyumbani na kisu chembamba, sufuria mbili, na koti jeupe ambalo vifungo vyake vyote vilikuwa vimeng'oka. Koti hilo alilivaa kanisani. Jikoni alilivua.

Wali wake ulikuwa hivi. Alichukua kabichi, au karoti, au boga changa, au ile kabichi yenye ua jeupe katikati ambayo siku hizi tunaiita koliflawa, akaifanya punje punje kama mchele, akaipika na kuipakua kwenye sahani. Ukiitazama kutoka mlangoni ungesema ni wali. Ukiitia mdomoni ungesita kidogo, kisha ungeendelea kula.

Watu walidhani kuna mashine. Hapakuwa na mashine. Palikuwa na kile kisu, na kipande cha bati alichokitoboa kwa msumari mpaka kikawa na meno upande mmoja, na ungo, na kitambaa safi cha amerikani. Bati lenyewe lilikuwa mfuniko wa sufuria. Mtu akimuuliza kwa nini sufuria zake hazina mifuniko, alijibu kwamba nyumbani kwake mfuniko una kazi moja tu, kutobolewa. Karoti na boga alizikwaruza kwenye bati. Ua la koliflawa alilikata kwa kisu, kwanza vipande, kisha vipande vya vipande, mkono mmoja umeshika mpini na mwingine umelaza ncha ya kisu ubaoni, kisu kikipanda na kushuka kama mtu anayetembea bila haraka.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa alipoanza kunifundisha, na nilianza kwa kukosea kama kila mtu. Nilitia koliflawa kwenye kinu. Nilifikiri, kama kinu kinaweza ulezi, mboga ni nini? Nikatwanga kwa nguvu zangu zote. Mpishi alisimama mlangoni akanitazama.

"Binti, huyo unayemtwanga amekukosea nini?"

Nilipoangalia ndani nilikuta uji mweupe. Hakunikaripia. Alisema kinu kinaweza kutumika, ila mchi uangushwe kwa uzito wake wenyewe, mara tano au sita, kisha ugeuze mboga, kisha tena. Baada ya hapo unaiweka kwenye kitambaa na kukamua mpaka maji yaache kudondoka, unaitandaza kwenye ungo ipigwe na upepo, ndipo unaitia kwenye sufuria yenye mafuta kidogo. Na hufuniki. Na huongezi maji hata tone. Hili la maji alilirudia kuliko yote: "Mboga ina maji yake. Ukiiongezea umeirudisha kuwa mboga."

Nimewafundisha wanawake wengi tangu hapo, na nawaambia kile alichoniambia siku ile huku tukimwagia kuku ule uji wangu: sufuria ya kwanza huwa uji, ya pili huwa matope, ya tatu mgeni anaweza kula. Usikate tamaa kwenye ya pili.

Alijifunza wapi? Hapo tena sijui. Mama yangu alimsikia akisema ni mke wa mlowezi aliyekuwa na tumbo lisilovumilia nafaka. Baba alimsikia akisema ni wakati wa vita ya kwanza, alipokuwa mpagazi, mchele ukaisha njiani na afisa mmoja akadai wali hata kama utatoka mbinguni. Mimi aliniambia kwamba hakufundishwa na mtu. Alisema siku moja alikuwa amepika kila kitu akasahau mchele, wageni wameshakaa, akaona aibu. Visa vitatu, na vyote alivisimulia kwa uso uleule uliotulia.

Ungeweza kusema alikuwa mwongo, na mtu asiyemjua angesema hivyo. Lakini huyu ndiye mtu aliyesimama kanisani, mzee wa kanisa alipomshukuru mbele ya watu kwa kuleta kuku wa sikukuu, akasema, "Samahani mzee. Hakuwa kuku wa kushukuriwa. Alikuwa jogoo mzee na alikuwa mgonjwa." Watu walicheka, naye hakucheka. Alikuwa amekuja kusahihisha tu, akakaa. Aliwahi kutembea mpaka Mlowo na kurudi kwa ajili ya sindano ya mwanamke mmoja iliyonasa kwenye koti lake siku ya soko. Akikuambia mvua itanyesha mchana, uliondoa nguo kwenye kamba. Sasa mtu huyo huyo anakuwekea kabichi mbele yako na kusema, "Karibu wali."

Nilimuuliza kuhusu hilo nikiwa bado msichana. Alifikiri. "Sijawahi kusema ni mchele," akasema. "Nasema karibu wali." Niliondoka nikidhani nimejibiwa, na nilipofika nyumbani nikagundua sijajibiwa.

Kuhusu wali wa kweli, alisema unamchosha meno. Meno yake yalikuwa mazima kuliko ya baba yangu.

Niwaeleze sasa siku ya wageni, maana bila siku hiyo ningemsahau pengine kama mzee mwingine yeyote mwenye vituko.

Kijana aliyenichumbia alitoka Ndalambo. Tulifahamiana kule Mlowo, alikokuwa akipakia magunia ya kahawa, na sina haja ya kuficha, nilimpenda. Tatizo lilikuwa baba yake. Habari zake zilimtangulia. Mzee huyo alikuwa amewahi kuinuka katika nyumba moja ya Mbozi, alikopeleka posa ya mwanawe mkubwa, kwa sababu waliahidiwa nyama wakapewa maharage. Inasemekana alisema hivi mlangoni: "Maharage nayapenda. Ninachokikataa ni kuahidiwa." Akaondoka, na yule binti akaolewa kwingine.

Na baba yangu, akijua habari hizo zote, alimwambia mshenga kwamba wageni watakula wali. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu Ndalambo walikuwa watu wa ulezi na mtama, naye alitaka wajue binti huyu anatoka nyumba gani. Ilikuwa miaka ya vita ya pili. Alikwenda Mlowo kwa miguu, mwenye duka akamwonyesha gunia tupu na kulikung'uta ili aamini. Baba alirudi na chumvi.

Wageni walikuwa wanakuja keshokutwa. Mama alijifunga khanga akaenda kwa Mpishi, nami nikamfuata. Nilikuwa na hakika atakataa. Mtu aliyemsahihisha mzee wa kanisa kwa ajili ya jogoo angekubalije jambo la namna hii? Mama alimweleza yote, ahadi, maharage, gunia tupu. Alipomaliza, Mpishi aliuliza neno moja.

"Wangapi?"

"Saba."

Akaenda kunoa kisu.

Siku yenyewe alifika kwetu alfajiri na kapu la koliflawa alizozipanda nyuma ya nyumba yake, kwa mbegu zilizotoka bustani ya mlowezi. Karoti hakuzigusa. Alisema rangi itatutaja. Tulikata mpaka mikono ikafa ganzi, tukakamua, tukatandaza kwenye nyungo mbili, na kwa kweli ilipendeza. Ikaingia kwenye sufuria. Mpishi akatoka kutafuta kuni kavu, na shangazi yangu, mwanamke mwenye moyo mwema aliyekuja kusaidia, akachungulia, akaona wali unakauka bila maji, akahurumia. Akamimina vikombe vitatu. Kisha akafunika kwa sinia.

Mpishi aliporudi aliinua sinia, akatazama, akalirudisha taratibu.

"Shangazi," alisema, "umewapikia kuku wa nyumba hii vizuri sana."

"Ulikuwa unaungua, baba."

"Ulikuwa unapikwa."

Shangazi alianza kulia. Mimi nilianza kulia. Mpishi alivua koti, akalitundika, akahesabu maua yaliyobaki. Matatu. Akachukua mashina ya koliflawa ambayo tungewatupia mbuzi, akayamenya hadi kwenye moyo mweupe, akaanza upya. Alikuwa bado anakata tuliposikia wageni wakibisha hodi.

Walikula. Kwetu mgeni wa posa haulizi habari za chakula mpaka maji ya kunawa yarudi mara ya pili, kwa hiyo sisi wa jikoni tulisikia vijiko tu. Mimi nilikuwa nimeweka jicho kwenye ufa wa mlango. Baba mkwe mtarajiwa alikula polepole. Aliongeza. Maji ya kunawa yalipopita, akajipangusa, akamgeukia baba yangu.

"Mzee mwenzangu, wali huu umelimwa hapa?"

Baba alisema ndiyo. Nadhani hakupata nafasi ya kusema jingine.

"Hapa mlimani? Bila bonde la maji?"

"Hapa hapa."

Sasa mnajua desturi yetu wakulima. Mtu akila kitu kizuri kwako hakisifu kwa maneno, anaomba mbegu. Kumnyima ni kumwambia hukupenda aje. Mzee yule aliweka mikono magotini akasema, "Basi sisi hatukuja kubishana sana. Nipeni mbegu ya mpunga huu, na mengine tutaelewana."

Baba yangu alitazama paa. Alilitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta panapovuja. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa mlango na kichwani mwangu lilikuwa neno moja tu, maharage.

Hakuna aliyemwita Mpishi. Alivaa koti lake, akapita mbele yangu, akaingia barazani kwa wageni.

"Mbegu ninayo mimi, mzee. Twende ghalani."

Wakatoka wawili. Kupitia dirisha la jiko niliwaona wamesimama kando ya kihenge. Mpishi alifungua pindo la kitambaa akamimina kitu kidogo kwenye kiganja cha yule mzee. Mzee akakikoroga kwa kidole. Mpishi akasema maneno, akaonyesha jiko kwa kidevu. Mzee akatazama jiko. Nilirudi nyuma. Nilipochungulia tena, alikuwa bado anatazama kiganja chake. Kisha akazifunga zile mbegu kwenye leso yake, fundo mara mbili, wakarudi.

Akakaa. "Tumekubali," akasema. "Tuzungumze mengine."

Basi niliolewa. Na hapo ndipo mchanganyiko wangu ulipoanza kwa kweli.

Baba mkwe alizipanda zile mbegu Ndalambo, mvua za kwanza. Nilikuwa nikipita shambani nikiwa na ujauzito wa kwanza, nikitazama majani yale ya bluu-kijani yakinenepa kama masikio ya ndovu. Hayakutoa ua. Kule chini kuna joto, na mmea ule unataka ubaridi wa Mbozi. Tulikula majani. Na mzee aliwaambia majirani kwa uso mkavu kabisa, "Mpunga wa wakwe zangu haupendi joto." Majirani walitikisa vichwa.

Je, alijua? Fikirini pamoja nami. Mkulima mzima anaona majani ya kabichi na kuyaita mpunga? Basi alijua. Lakini yeye alikuwa mtu wa ulezi. Wali alikuwa ameula safarini tu, umeshapikwa, na mpunga shambani hakuwahi kuuona, alisikia tu kwamba unataka maji. Na mbegu ya koliflawa ni ndogo, ya mviringo, nyeusi, mfano wa ulezi kabisa. Basi hakujua. Na kama hakujua, siku atakapokwenda Kyela au Usangu akaona mpunga umesimama majini, atarudi na kuniambia nini? Nilingoja siku hiyo miaka mingi. Kila aliposafiri nilifunga mzigo wangu moyoni.

Kumuuliza sikuweza. Mke wa mwana na baba mkwe kwetu walizungumza ukuta ukiwa katikati yao, yeye huko, mimi huku, na maneno yalikuwa ya lazima tu. Mume wangu nilimuuliza. Alisema, "Siku ile nilikuwa nakuangalia wewe mlangoni. Sahani sikuiona."

Mpishi nilimuuliza kila nilipokwenda nyumbani kuwaona wazazi. Mwaka mmoja alisema, "Nilimwambia ukweli." Nikalala vizuri miezi kadhaa. Mwaka uliofuata, swali lilelile, akasema, "Mgeni ameomba mbegu, nimempa mbegu. Tuongee nini tena?" Mara nyingine alisema hakumbuki, kisha hapo hapo akanieleza leso ya mzee ilikuwa na rangi gani. Nilimkasirikia. Yeye alinimenyea karoti.

Baba mkwe alifariki bila kunirudisha kwetu na bila kuniambia. Mazishi yake nilipika mimi, wali wa kweli, maana miaka hiyo mchele ulikuwa umeanza kufika. Nililia kwenye sufuria na sikujua nalilia nini hasa.

Mara ya mwisho nilipomwona Mpishi, mkewe alikuwa ametangulia na macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando. Alinijua kwa hatua. Nilikuwa nimenunua mchele Mlowo njiani, mchele mzuri mweupe, nikasema leo nitampikia mimi, akipenda asipende. Nilipika kwenye sufuria yake isiyo na mfuniko, nikafunika kwa sahani, nikajisikia mwizi.

Nikamwekea mkononi. Akanusa. Akala kijiko kimoja. Kisha akala cha pili na cha tatu, yeye ambaye hakuwa mlaji wa wali.

"Umekamua vizuri," akasema.

Nilidhani anatania.

"Punje zote sawasawa. Hakuna hata moja iliyopondeka. Hii ni kabichi au ni ile ya ua?"

Niliutazama uso wake. Ulikuwa umetulia kama siku zote, na macho yale meupe hayakunisaidia. Hapo nilielewa jinsi baba yangu alivyolitazama paa. Ningeweza kusema, Mpishi, huu ni mchele wa dukani. Lilikuwa neno jepesi. Lakini mzee alikuwa anafurahi kwamba mwanafunzi wake ameweza.

"Ni ile ya ua," nilisema.

"Eh." Akamaliza sahani. Nikamletea maji ya kunawa, yakaenda, yakarudi mara ya pili. Akajipangusa. Akaweka mikono magotini.

"Basi mama, nipe mbegu."

Nilibaki na birika mkononi. Mbegu ya koliflawa sikuwa nayo. Kumnyima ningemnyima vipi, mzee aliyenipa nyumba yangu? Nilikwenda kwenye kapu, nikasogeza karoti nilizomletea, nikachota mchele mbichi kidogo, uliokobolewa, usioweza kuota popote duniani, nikaumimina kwenye kiganja chake.

Aliukoroga kwa kidole. Mikono ile ilikuwa imeshika mchele wa mlowezi miaka na miaka. Aliviringisha punje moja kati ya kidole gumba na cha shahada, akaiacha, akachukua nyingine. Kuku walikuwa wanaparua nje.

Kisha akaufunga kwenye pindo la koti lake jeupe, fundo mara mbili.

"Nitaupanda huku juu," alisema. "Huu haupendi joto."

Maneno yale sikuwa nimewahi kumpelekea. Yalisemwa Ndalambo, na mtu aliyekuwa kaburini. Ila ni kweli pia kwamba mpishi yeyote wa Mbozi anajua koliflawa haipendi joto, hahitaji kuambiwa na marehemu.

Nilisimama pale nikitaka kuuliza kwa mara ya mwisho. Alikuwa ameshaanza kunyanyuka, anapapasa ukuta kutafuta kisu chake.

"Lete karoti hizo," akasema. "Na usifunike kitu."